Ndama wa Mtungi

Bura wa Tumati hakuwa mtu wa kukaa. Chai aliinywa amesimama. Hata kanisani alikaa ukingoni mwa benchi, kama anayesubiri kuitwa.

Asubuhi moja ya mwezi wa saba, manyunyu na upepo vilikuwa vimekesha. Bura alimkuta ng'ombe wake amezaa nje. Ndama, jike, alikuwa amelala kwenye majani, amelowa, miguu imekakamaa. Masikio yake yalikuwa ya baridi kama jiwe la mtoni.

Ng'ombe wao mwingine alikuwa mzee, maziwa yake hayajazi kikombe. Nyumba nzima ilikuwa inamngoja ndama huyu. Bura alimbeba mbio hadi jikoni, akamlaza karibu kabisa na moto.

"Letisia, ongeza kuni. Bandika na sufuria kubwa. Maji yakichemka nammwagia."

"Unataka ndama au unataka mchuzi?" mkewe aliuliza.

"Huyu ni ndama wa mtungi. Mbegu ya baba yake iliganda kuliko barafu. Hilda aliitoa kwenye mtungi wake wa baridi, akaichovya kwenye maji ya moto, ikafufuka hapo hapo, akampandikiza ng'ombe. Baba aliweza, mtoto ashindwe nini?"

Letisia alichukua simu akampigia Hilda, mtaalamu wa mifugo anayekaa ng'ambo ya korongo. Bura alitoka, akaingia, akatoka tena.

Hilda alifika na tope hadi magotini.

"Shikamoo baba, shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, maji yanachemka, fanya kama siku ile."

"Siku ile maji yalikuwa ya vuguvugu, baba. Ipua hayo." Hilda alimvuta ndama mbali na moto. "Ile mbegu ni ndogo, hata jicho haliioni. Baridi inaifikia yote kwa pamoja, na joto vilevile. Tena imetiwa dawa ya kuilinda. Mwili mkubwa hauko hivyo. Ukigandisha ng'ombe mzima, nje kunaganda na ndani bado. Maji ya mwilini yakiwa barafu yanapasua nyama, kama chupa inavyopasuka kwenye friji. Ukianza kumyeyusha, nje kunaungua, ndani bado barafu."

"Kama yule samaki wa Ziwa Basotu," Letisia alisema. "Bwana huyu alinihimiza nimkaange angali ameganda. Nje mkaa, katikati tukatafuna barafu."

"Samaki aliisha lakini," Bura alisema.

"Uliisha wewe na tumbo lako."

Hilda alicheka. "Hakuna aliyewahi kugandisha ng'ombe mzima akarudi hai. Hata mtu. Bahati yetu, huyu hajaganda. Amepoa tu, na anapumua. Tumrudishe polepole."

Walimkausha kwa magunia makavu, wakamsugua. Wakamfunga blanketi. Letisia alijaza chupa maji ya vuguvugu, akazizungushia kanga, akaziweka ubavuni mwake. Bura alishika kikombe cha maziwa ya mwanzo aliyoyakamua kwa mama wa ndama.

"Nimnyweshe?"

"Mtie kidole mdomoni kwanza. Asiponyonya, usimpe. Maziwa yataingia kwenye mapafu, atakufa."

Bura alitia kidole. Ndama hakuvuta.

"Sasa?"

"Sasa unakaa, baba."

Hilo ndilo lilikuwa gumu. Bura alikaa chini, kichwa cha ndama mapajani, magoti yakimcheza. Kila mara alitia kidole. Kila mara ndama hakuvuta. Chai yake ilipoa, na hakuigusa.

Jua lilikuwa limeshatoboa ukungu alipoacha kutikisa magoti.

"Letisia," alisema taratibu. "Ananivuta."

Ndama alinyonya kidole, kisha akanyonya maziwa ya vuguvugu. Jioni alisimama, akaanguka, akasimama.

Siku hizi Bura ana banda lenye ukuta upande wa upepo na majani makavu chini. Ng'ombe akikaribia kuzaa, analala humo. Yule ndama aliitwa Polepole. Amekuwa mtamba mkubwa, anaruka uzio kila asubuhi, na Bura anamkimbiza hadi korongoni.

"Kaa kidogo," humwambia akihema.

Letisia husimama mlangoni na chai ya maziwa. "Amekurithi wewe."