Maneno ya Nyuma ya Lori

"Wewe kila nikirudi sokoni unaninusa kitambaa kama mbwa wa polisi!"

Kibanda kizima kikaangua kicheko. Obita alipiga meza mpaka maharage yakaruka kutoka kwenye sahani. Siraje aliinama akishika mbavu. Kwenye televisheni iliyofungwa juu ya jiko, mke wa Kapteni alikuwa amesimama mkono kiunoni, anamfokea mumewe. Mdomo ulikuwa wa Kituruki, lakini Kiswahili kilitoka kwenye koo zito la VJ Oyat.

VJ ni yule mtu anayekaa mbele ya kipaza sauti akiizungumzia filamu ya kigeni kwa lugha ya watu wake. Kampala wamejaa, na wengi wanatumia Kiganda. Oyat alizaliwa kambini Makindye, mtoto wa sajini kutoka kaskazini, kwa hiyo yeye anatumia Kiswahili, na watu wa malori wa bandari ya Port Bell wanamsikiliza kama wanavyosikiliza taarifa ya habari. Hata hilo jina Kapteni amelitia yeye. Jina halisi la mwigizaji hakuna anayelijua.

"Banange!" Obita alisema akifuta machozi. "Kapteni leo amepatikana!"

Mtu mmoja tu hakucheka. Jafar alikuwa na kipande cha chapati mdomoni na hakikuwa kinakwenda mbele wala nyuma. Maneno yale aliyajua. Yalisemwa Jumanne ya wiki iliyopita, jioni, nyumbani kwake Makindye, na mke wake Lailah, baada ya yeye Jafar kumnusa kitambaa cha kichwa aliporudi kutoka soko la Nakasero. Neno kwa neno, mpaka yule mbwa wa polisi.

Leo ilikuwa Jumamosi. Kwa siku kumi na moja tu, maneno ya chumbani kwake yalikuwa yametembea yakafika mdomoni mwa mwanaume mwingine. Yamefikaje?

Wivu wa Jafar haukuwa mgeni. Watu wa bandarini walimjua kwa vitu viwili. Cha kwanza ni simu zake kwa mkewe, ambazo zote zilianza na neno moja: "Uko wapi?" Cha pili ni maandishi ya njano aliyompa fundi wa Katwe ayapake nyuma ya lori lake: NIKIKUAMINI NINAPUMZIKA MIMI. Aliyasikia kwa Kapteni, siku Kapteni anamkabidhi mlinzi funguo za zizi la farasi. Yakamwingia. Madereva wengine walimpigia honi barabara ya Jinja kwa sababu ya maneno yale, naye akawa anajibu kwa kupunga mkono kama ameyatunga mwenyewe. Siku aliyomwonyesha Lailah, akamwambia, "Unaona maneno ya mwanaume?" Lailah alicheka mpaka akakimbilia jikoni.

Sasa kicheko kile kilimrudia, na hakikumpendeza hata kidogo.

Akatoka nje, akapiga.

"Uko wapi?"

"Asalaam alaikum, Baba Nabila."

"Nimeuliza uko wapi."

"Nipo na shangazi Rukiah."

Nyuma ya sauti yake, Jafar akasikia sauti nyingine, nzito, ya kiume: "Kapteni akageuka, akasema, lete farasi..."

"Huyo nani?"

"Nani?"

"Huyo mwanaume anayeongea."

"Ah, huyo... ni Oyat. Wa sinema." Lailah alisita kidogo. "Si unaijua sauti yake?"

Jafar angeridhika. Mji mzima una sauti ya Oyat, saluni, hotelini, kila duka lenye televisheni. Lakini ile sauti ikakohoa. Ikakohoa tena, ikasema, "Aa, hapana, nimeharibu," kisha ikaanza upya: "Kapteni akageuka, akasema, lete farasi..."

Televisheni haikohoi. Televisheni haisemi nimeharibu.

Jafar akakata simu.

"Jafar, lori linapakiwa!" Siraje, utingo wake, alimwita.

"Simamia wewe!"

"Unakwenda wapi?"

Jafar akaruka juu ya bodaboda ya kwanza. "Makindye. Pita Namuwongo. Usisimame popote!"

"Mzee, kwanza kofia vaa."

"Twende, ssebo!"

Alipokuwa juu ya ile boda akampigia mjomba wake, mzee Abdul-Karim, ambaye ndiye aliyemwozesha, na ndiye aliyekaa katikati kila nyumba yao ilipotaka kuvunjika.

"Mjomba, leo naitoa ile ya tatu."

Upande wa pili pakanyamaza.

"Mjomba, umenisikia?"

"Nimekusikia, na ndiyo maana nimenyamaza. Jafar, talaka ya kwanza uliitoa kwa sababu ya mtu wa kusoma mita ya maji."

"Alikaa sana yule!"

"Mita ilikuwa imeoza, mwanangu. Ya pili uliitoa kwa sababu mkeo alicheka kwenye simu, na kumbe anaongea na kaka yake. Mara zote mbili ulilia hapa kwangu, ukamrejea kabla eda haijaisha. Imebaki moja. Hiyo ikitoka, Lailah si mke wako tena. Ukilia, utalia peke yako."

"Yuko na mwanaume, mjomba. Nimemsikia kwa masikio yangu."

"Masikio yako nayajua."

Mzee akakata. Dakika moja baadaye ukaingia ujumbe: *Usiseme neno mpaka uone kwa macho. Ukiona, hesabu pumzi kumi. Nakuomba kama baba yako.*

Jafar aliusoma, akaupita. Akafungua namba ya Lailah, akaanza kuandika kwa kidole gumba huku boda ikiruka mashimo: *Lailah, kuanzia leo*

Hapo kidole kikasimama. Si kwamba alimhurumia. Alitaka kuuona uso wake. Alitaka Oyat naye awepo asikie. Miaka saba ya ndoa, chai yenye tangawizi kila alfajiri, mtoto mmoja, na mwanamke anampelekea siri za nyumba mtu wa sinema! Alijiona mjinga, na ujinga ule ulimuuma kuliko wivu wenyewe, maana hata lile lori lake lilikuwa linatembea mjini na maneno ya huyo huyo mwanaume mgongoni.

Duka la Oyat, linalojulikana na Makindye nzima, lilikuwa jirani na ukuta wa kambi. Mbele kijana mmoja anawajazia watu filamu kwenye flashi, nyuma kuna mlango wa mbao umeandikwa KIMYA. Jafar akapita bila salamu. Akaweka mkono kwenye kitasa, mdomo tayari umeshalishika lile neno.

Ndani akasikia sauti ya Lailah.

"Hapana, Oyat. Hapo unasema haraka. Huyu mwanaume ana hofu. Sema polepole: 'Sikukufungia mlango ili usitoke. Nimeufunga ili nijue uko wapi, maana nisipojua siwezi hata kula.'"

"Ee, Mama Nabila! Unayatoa wapi haya?"

"Nyumbani," Lailah alisema. Hakucheka aliposema hivyo.

Jafar akahesabu. Moja. Mbili. Alipofika tatu akasukuma mlango.

Chumba kilikuwa kidogo, magodoro yamepigiliwa kutani kuzuia sauti. Oyat alikaa mbele ya kipaza sauti, vipokea sauti vikubwa masikioni. Hatua tatu kutoka kwake, juu ya stuli, alikaa Lailah na daftari la shule magotini. Na katikati yao, kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, alikaa shangazi Rukiah mwenyewe, anasuka sinia la ukindu la rangi nne. Alimtazama Jafar bila kuacha kusuka.

"Umechelewa," shangazi alisema. "Mimi nilikutegemea mwaka jana."

"Shangazi..."

"Kila Jumamosi nakaa hapa tangu saa tatu mpaka saa nane. Mgongo wangu umekwisha kwa ajili ya wivu wako. Kaa chini."

Jafar hakukaa. "Lailah. Maneno ya ile Jumanne. Ya kitambaa. Yamefikaje kwenye televisheni?"

"Nimeyaandika mimi."

"Kwa nini unampa huyu siri za nyumba yangu?"

Oyat akavua vipokea sauti, akainuka na mikono juu. Alikuwa mfupi, mwembamba, ana kipara. Sauti ile yote ilikuwa inatoka kwenye mwili mdogo kama ule! Jafar alikuwa amemwogopa mtu mwingine kabisa.

"Afande, tulia," Oyat alisema. "Mimi nina sauti, maneno sina. Yule Kapteni kwa Kituruki haongei. Siku ile ya funguo alisema tu, 'Lisha farasi.' Basi! Watu wangu wangelala. Mama Nabila ndiye anamfanya Kapteni kuwa Kapteni. Mwaka na nusu sasa."

"Siku ya funguo?" Jafar aliuliza polepole.

Lailah akafungua daftari nyuma kabisa, kwenye kurasa zilizochakaa, akamgeuzia. Mwandiko ulikuwa wake, wa kulalia kushoto. *Nikikuamini ninapumzika mimi.*

Jafar alisoma mara mbili. Akakaa pale aliposimama, chini.

"Hayo nilikuambia wewe kwanza," Lailah alisema. "Siku uliporudi kutoka kwa mjomba baada ya ile ya pili. Nilikukalisha kitandani nikakuambia, ukiniamini utapumzika wewe. Ulisema nini?"

Jafar akautazama tena mwandiko ule.

"Ulisema nisikuletee kelele, umechoka. Miezi mitatu baadaye Kapteni akayasema, ukaenda kuyaandika kwenye lori."

"Sikujua."

"Na kazi hii nimekuambia mara nne! Mara nne, Baba Nabila. Nilikuja nikakaa karibu yako nikasema, 'Kuna kazi nimepata kwa Oyat, shangazi atakuwa nami.' Unakumbuka ulinijibu nini?"

Akakumbuka. Wallahi akakumbuka. Alikuwa kwenye kochi, macho kwenye skrini, mkono umeinuliwa kumzuia. *Ngoja kwanza, Kapteni anaongea.*

Alikuwa amemnyamazisha mke wake ili amsikilize mke wake. Joto la aibu lilimpanda mpaka kwenye masikio, yale masikio ambayo mjomba alisema anayajua.

"Nipe simu yako," Lailah alisema.

"Ya nini?"

"Wewe yangu unaichukua kila siku bila kuuliza. Nipe."

Akampa. Hakuwa na namna. Lailah akaifungua, na pale pale juu, chini ya jina lake, yalikuwepo yale maneno ambayo hayajatumwa. Akayasoma kwa sauti.

"'Lailah, kuanzia leo.'" Uso ukambadilika. Akajua, bila kuambiwa, ni nini kilichotaka kufuata. Hata shangazi Rukiah aliacha kusuka.

"Ilikuwa ya tatu?" Lailah aliuliza. Sauti ilikuwa ndogo.

"Ndiyo."

"Umepanda boda kutoka Port Bell, umenibebea hii?"

"Ndiyo, Mama Nabila."

Machozi yakamshuka Lailah, hakuyafuta. Akamnyooshea simu. "Haya. Malizia. Kuanzia leo nini?"

"Lailah..."

"Umeianza mwenyewe. Malizia mbele ya shangazi."

Jafar akatafuta kichwani kitu kizuri, kitu cha kiume, na kikaja kile kile alichokizoea. "Kuanzia leo, nikikuamini ninapumzika..."

"Hiyo ni yangu!" Lailah alifoka. "Zote ulizonazo ni zangu. Toa yako."

Oyat alitazama dari. Jafar, mtu wa kupiga kelele bandarini toka asubuhi, hakuwa na neno hata moja la kwake. Alijaribu, likakwama. Akajaribu tena, na lililotoka lilikuwa dogo, bovu, halina hata umbo.

"Kuanzia leo... sinusi tena."

"Nini?"

"Kitambaa. Sikinusi tena. Na... na ukianza kuongea, nazima televisheni. Naogopa, Mama Nabila. Kila siku naogopa utaondoka, halafu mimi mwenyewe ndiye ninayekufukuza. Nisamehe."

Mdomo ukamcheza Lailah, akajifunika uso na daftari, na Jafar hakuweza kujua kama analia au anacheka. Yalikuwa yote mawili.

"Futa," alisema kutoka nyuma ya daftari. "Futa kwanza hayo, nione."

Jafar akachukua simu, akafuta.

"Na Jumamosi nakuja hapa."

"Utakuja."

"Na shangazi apumzishe mgongo."

"Shangazi apumzike."

"Alhamdulillahi!" shangazi Rukiah alisema, akakunja mkeka siku ile ile.

Wiki tatu zikapita. Port Bell, kibanda kile kile, maharage yale yale. Kwenye skrini Kapteni alisimama mlangoni mwa mkewe, kofia mkononi, na Oyat akashusha sauti mpaka watu wakaacha kutafuna.

"Kuanzia leo," Kapteni alisema, "sinusi tena."

Wengine walicheka, wengine wakanyamaza. Obita alitikisa kichwa. "Huyu Kapteni ni mwanaume! Nani anampa maneno kama haya?"

"Mke wangu," Jafar alisema.

"Acha utani."

"Lailah. Mama Nabila. Anaandika yote."

Siraje akaweka kijiko chini. "Yote? Hata yale ya nyuma ya lori?"

"Hata yale. Toka uone."

Wakatoka. Chini ya yale maneno ya njano fundi wa Katwe alikuwa ameongeza mstari mwingine, rangi ikiwa bado mbichi: AMESEMA MAMA NABILA.

"Huyo mwanamke ana akili," Obita alisema kwa heshima kabisa. "Siku moja utuletee tumsalimie."

Wivu ukampanda Jafar pale pale, ukafika kooni. Akaumeza na chai iliyokuwa mkononi. Kisha akatoa simu, akajitenga mbele ya lori, akapiga. Nyuma ya sauti ya Lailah alimsikia Oyat anakohoa, anaanza upya.

"Asalaam alaikum, Baba Nabila."

"Waalaikum salaam. Uko..." Akajishika. Akavuta pumzi. "Umekula?"