Kikombe cha Maji Matupu

Kila alfajiri kabla ya kwenda shule, Fauzia alichota maji kisimani, nyuma ya nyumba yao karibu na mdomo wa Mto Ruvuma. Maji ya bomba yalifuatwa mbali, hivyo yalikuwa ya kunywa tu. Ya kisima yalikuwa na chumvi kidogo tangu zamani, lakini ndiyo yaliyotumika kufua, kuosha vyombo na kuotesha mpunga.

Mwaka ule bahari ilipanda hadi mashambani. Baba alikuwa amefariki, na mama yake, Bi Sharifa, alibakiwa na magunia mawili ya mpunga: moja la mbegu, moja la kula.

Shuleni Mwalimu Modesta aliwaagiza wanafunzi waloweke choroko nyumbani katika vikombe vitatu: maji ya sukari nyingi, maji ya chumvi na maji matupu. Fauzia alitumia maji ya kisima. Siku ya kupeleka ilipofika, za wenzake za maji matupu zilikuwa na mikia mirefu. Zake, vikombe vyote vitatu, hazikuota hata moja. Kwa aibu akamwomba rafiki yake Salumu choroko chache zilizoota, akazitia katika kikombe cha maji matupu.

Mwalimu alieleza kwamba sukari au chumvi ikizidi, mbegu hushindwa kunywa maji. Kisha akamsifu Fauzia, akapigiwa makofi.

Jumamosi mama aliloweka gunia la mbegu kwa maji ya kisima. Fauzia alimtazama, akazikumbuka choroko zake. Kusema kungekuwa kujiumbua. Akanyamaza, na siku zote zilizofuata akamwagilia kitalu kwa maji yaleyale.

Mbegu zikaoza. Mama alichutama kitaluni akizipasua kwa kucha, moja baada ya nyingine, zote zikinuka.

"Nimekosea wapi, mwanangu?" aliuliza.

Fauzia akalia, akamweleza yote. Mama hakumpiga. Alimshika mkono wakaenda kwa Mwalimu Modesta, naye akawaambia waloweke punje kidogo kwa maji ya bomba na nyingine kwa maji ya kisima. Za bomba tu ndizo zilizoota; chumvi ya bahari ilikuwa imeingia kisimani.

Basi gunia la kula likawa mbegu. Fauzia alibeba ndoo za maji ya bomba mpaka utosi ukamuuma. Kitalu kipya kikaota, na mvua zilipokolea wakapandikiza miche katika bonde la juu, ambako bahari haikufika. Lakini hadi mavuno nyumba ile ilikula muhogo mkavu, na mdogo wake Jafari alilala akililia wali.

Usiku mmoja Fauzia aliomba radhi tena. Mama alikoroga ugali wa muhogo bila kugeuka.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini kikombe chako kilikuwa kinatuonya, nawe ukakiziba mdomo ili usifiwe. Siku nyingine, kitu kikikataa kuota, niletee nikione hivyohivyo kilivyo."

Kisha akampakulia Jafari kwanza.