Pumzi Nyuma ya Tarumbeta

Sikwenda kutafuta mambo. Nilikuwa napeleka mapazia.

Mwaka ule wa sabini na mbili nilikuwa fundi wa cherehani pale Voi. Mdogo wangu Dinah alikuwa ameolewa na Danson, karani wa stesheni, na walikaa kwenye nyumba za reli. Jioni moja, jua lilikuwa limeshashuka nyuma ya milima ya Taita. Nikavuka njia ya reli na furushi la mapazia kichwani, na kabla sijaufikia mlango nikaisikia.

Santuri ile.

Ilikuwa tamu, sitaficha. Danson aliipata kwa baharia mmoja huko Mombasa. Ilikuwa ya Wamarekani weusi, na kwenye jalada walisimama na nywele zao kubwa, tarumbeta juu, jasho likiwatiririka. Ndani yake mlikuwa na soul, mna jazi, mna bluzi, lakini vyote vimepikwa chungu kimoja mpaka vikawa kitu kingine. Besi ilikwenda mbele, ngoma ikikatakata nyuma yake, halafu tarumbeta zinakurupuka kwa pamoja. Danson alisema huo unaitwa fanki. Alilitamka hilo neno kama amelibuni yeye.

Nilimchukia yule mwanamume. Namchukia hata leo, na sioni haya kusema.

Kabla ya jioni hiyo, baba yake, Mzee Nehemiah, aliwahi kushuka kutoka kwao Mbololo, kule milimani, kuja kuwatembelea. Alikuwa na jambo la kuzungumza na mwanawe. Akamwomba kwa upole apunguze muziki wasikilizane. Danson aliinuka, akaenda kwenye gramafoni, akaongeza sauti mpaka mwisho. Dinah alikuwepo. Alimwona mzee akitafuta fimbo yake na kofia yake, akatoka, akarudi kwao bila hata kunywa chai.

Mzee alipougua, alituma mtu amwite Danson. Kila Mdawida, yaani Mtaita wa kwetu, anajua maana ya kuitwa hivyo. Kwetu mtu mwenye hasira na mwenzake hajikalii nayo tu. Huchukua maji mdomoni, au pombe ya miwa kama ni mtu wa zamani, kisha huitema kama manyunyu akisema, kama nilikuwa na hasira nawe, sasa iondoke, ukae salama. Ndiko kutasa huko. Asipotema, hasira hubaki hai hata mwenyewe akifukiwa. Mimi nimebatizwa, naimba kwaya, na bado naliamini hilo bila kupepesa macho.

Danson alijibu kuwa yuko kazini. Muongo. Alikuwa nyumbani na marafiki zake, wanacheza fanki.

Mzee akafa.

Tangu mazishi, Dinah alianza kutetemeka. Santuri ikianza tu, mikono inamruka, meno yanagongana, macho yanageuka. Wanawake wa jirani wakasema, hiyo ni saka. Hapo sikuwalaumu. Saka ni pepo la wanawake wa kwetu, na huja kwa sauti za vitu vya kigeni. Wengine hushikwa na honi ya gari moshi, wengine na mlio wa kiberiti tu. Dawa yake ni kumpa pepo kile anachokitaka, mama acheze mpaka achoke, aachiliwe. Na Dinah alishikwa na santuri ya Marekani. Nani asingesema ni saka?

Basi jioni ile niliwakuta wameshakusanyika sebuleni. Wanawake walikuwa wameketi ukutani. Mkubwa wao alikuwa mama Tryphena, dada yake marehemu Mzee Nehemiah, aliyeshuka kutoka Mbololo kuja kumtibu mke wa mpwa wake. Danson alikaa kwenye kiti chake na shati la kazi, ameweka mguu juu ya mguu. Alikuwa anatabasamu.

"Unaona, shemeji," akaniambia. "Hata mapepo yanajua muziki mzuri."

Niliweka mapazia chini, nikaenda kusimama karibu na Dinah. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Geuza upande wa pili," mama Tryphena akaagiza. "Ule mrefu."

Danson akageuza, akaweka sindano.

Besi ikaanza. Taratibu... inazunguka, inarudi palepale. Dinah akaanza kucheza. Wanawake wakapiga makofi. Alicheza vizuri, maskini, kanga imemlegea kiunoni, miguu ikisugua sakafu ya simenti. Nikaanza kupata matumaini. Nikajiambia kesho atalala vizuri, ataamka ni Dinah wangu.

Tarumbeta zikaingia.

Nyuma ya hizo tarumbeta nikasikia kitu.

Mara ya kwanza nilidhani ni mkwaruzo wa sindano. Nikatega sikio. Haikuwa mkwaruzo. Ilikuwa pumzi ya mtu. Alikuwa anapumua kwa pua, kwa shida, kama mtu ambaye hawezi kufungua mdomo.

Halafu ikaja harufu. Pombe ya miwa... ile iliyochacha siku nyingi. Kwenye nyumba ile hakukuwa na pombe ya miwa. Danson alikunywa bia ya chupa tu, ile nyingine aliiita ya washamba.

Makofi yakapungua, moja moja, yakakoma.

Dinah alikuwa amesimama. Hakutetemeka tena. Alikuwa amemwelekea mume wake, na mashavu yake yalikuwa yamevimba. Tone likamtoka pembeni ya mdomo, likateremka kidevuni, likadondoka sakafuni. Hakuna aliyempa maji. Nilikuwa karibu naye muda wote.

"Zima," mama Tryphena akanong'ona.

Danson akainua sindano. Muziki ukakatika.

Ile pumzi haikukatika.

Ilikuwa mle chumbani na sisi. Inavuta, inatoa. Mwanamke mmoja akaanza kusema Baba Yetu, akakwama katikati.

"Nimekosea," mama Tryphena akasema. "Hii si saka. Danson, sikiliza. Baba yako alikufa na pombe mdomoni. Tulimpa, akaishika, akakataa kuitema mpaka ufike. Alikungoja kuanzia asubuhi. Alikufa ameufumba mdomo, tukashindwa kuufungua, tukamzika hivyo."

Akamnyooshea Dinah kidole.

"Ndiye huyo ndani ya mkeo, amekuja kutema," akaendelea. "Piga magoti mbele ya mkeo. Sema nimekuja, baba. Atatema, yataisha. Akimeza, sijui tena."

Nilimtazama Danson. Uso ulikuwa umemshuka, jasho linamtoka, aliogopa kuliko sisi sote. Ilibaki apige magoti tu. Wanaume wa maana wamefanya hivyo kwa wazee wao na hawakufa. Lakini alizungusha macho, akatuona wanawake tuliojipanga ukutani tukimngoja, na nikaona kiburi kikimpanda tena.

"Mimi nimpigie mwanamke magoti? Ndani ya nyumba yangu?"

"Danson," nikamwambia. Nilikuwa nalia kwa hasira. "Si kwa ajili yako. Mwangalie. Anashindwa kupumua."

Macho ya Dinah yalikuwa yamejaa machozi. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama. Alinyoosha mkono, akamgusa mumewe begani, akamsukuma chini kidogo, taratibu, kama mtu anavyomkalisha mtoto.

Danson akautupa ule mkono.

"Mambo ya kishenzi," akasema. "Nitawaonyesha pepo wenu."

Akaing'oa santuri kwenye gramafoni. Akaivunja gotini.

Pwa.

Nikaona koo la mdogo wangu likipanda na kushuka.

Pumzi ikanyamaza. Harufu ikaisha mara moja, kana kwamba haikuwahi kuwapo. Dinah akafuta mdomo kwa kanga, akaketi chini katikati ya vipande. Mama Tryphena alijifunika uso na leso na hakuufunua mpaka tukatoka.

Nilimchukua Dinah usiku uleule. Danson hakunizuia. Dinah hakuongea njiani, hakuongea nyumbani, hakuongea tena. Mdomo ulikula na kunywa kama kawaida, lakini neno halikutoka. Daktari alimulika koo akasema hana kasoro. Mchungaji aliomba mpaka sauti ikamkauka. Danson naye akaanza kukonda. Chakula kilimkaa tumboni, ila maji hayakumkaa. Kila alichokunywa kilirudi, iwe uji, chai au maji ya mvua. Wenzake wa stesheni walisema anazima redio za watu, eti kuna mtu anapumua ndani.

Akaja kwangu. Safari hii alipiga magoti, nje kabisa, kwenye vumbi, majirani wakimwona. Amebaki mifupa. Mama Tryphena alikuja naye kumshuhudia. Nikamkabidhi Dinah kikombe cha maji.

Dinah akatia maji mdomoni. Akainama juu ya kichwa cha mumewe. Mashavu yamevimba, midomo imebana. Danson akafumba macho, akasema, "Nimekuja, baba."

Dinah akameza.

Danson alikuja tena, na tena, akizidi kudhoofika. Kila mara alimezewa. Mama Tryphena alilia, akasema mzee amekuwa mgumu mno, hata kaburini hapoi. Mara ya mwisho walimbeba kwa mkokoteni, akawekwa ukumbini kwangu, hawezi hata kuinua shingo. Dinah akapokea kikombe, akamtazama kwa muda mrefu, akameza maji yote. Wakageuza mkokoteni, wakaondoka.

Nilifunga mlango. Tulibaki wawili, Dinah anachambua maharagwe kwenye ungo. Nikachuchumaa karibu naye.

"Dinah," nikanong'ona. "Ni mzee ndiye anayekataa kutema?"

Akatoa jiwe kwenye maharagwe, akalitupa pembeni.

"Mzee alishaondoka zamani, dada," akasema. "Ni mimi."

Sauti ilikuwa yake, ileile ya siku zote. Kisha akaendelea kuchambua.