Mchezaji wa Pili

Jioni ile nilifunga kibanda mapema niwahi benki kabla haijafungwa saa kumi na mbili. Mimi ni fundi simu. Wateja wananiita Daktari, na mke wangu naye huniita hivyo akitaka hela. Safari hii hakuwa na utani. Binti yetu alikuwa na homa siku ya tatu, na akaunti niliyodhani ina pesa za hospitali ilikuwa imepukutika, imebaki chenji tu.

Dada wa dirishani alinichapia taarifa ya mwezi, akaipitia kwa kalamu.

"Gemu, kaka. Umenunua vitu vya gemu. Kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni, leo itatimia siku ya kumi na saba."

"Mimi sichezi gemu."

"Una mtoto?"

"Ana miaka minane. Hana simu."

Akacheka. "Kikulacho ki nguoni mwako. Angalia akaunti yako ya kupakulia gemu iko kwenye simu ya nani."

Nikaangalia pale pale mlangoni. Simu mbili. Moja ni yangu. Ya pili niliikumbuka, nikajitukana.

Mafundi tuna tabia moja. Tukibadilisha kioo, tunaingia kwa akaunti zetu, tunapakua gemu na kulicheza kidogo kuona kama kioo kinaitikia vidole. Kisha tunatoka. Siku ile mteja alikuwa na haraka, nikasahau kutoka. Na kadi yangu ya benki imeunganishwa humo humo.

Mteja alikuwa mama mmoja wa nyuma ya soko. Simu ya rangi ya waridi, imeingia maji, kioo kimekufa. "Ya binti yangu," alisema. "Ataihitaji leo saa kumi." Alilipa bila kuomba nipunguze. Hilo peke yake lilitosha kunitia wasiwasi.

Nikaenda kwake kwa miguu, nimekasirika. Nilipofika giza lilikuwa linaingia. Geti wazi. Ndani hakuna taa. Harufu ya udongo mbichi ilinipokea mlangoni, kama ya shimo lililochimbwa sasa hivi...

Alikuwa amekaa sakafuni, sikio ukutani.

"Mama, shikamoo. Samahani, naomba ile simu dakika moja tu, nitoe akaunti yangu."

"Shh..." Hakugeuka. "Nilimzika nayo binti yangu, nyuma ya ukuta huu."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Alitumbukia kisimani nayo mkononi," akanong'ona. "Nikasema asilale gizani peke yake. Ndiyo maana nikakuletea uitengeneze."

"Siku kumi na saba, mama? Betri ile haimalizi hata siku moja." Ndivyo nilivyojibu, mjinga mimi. Ufundi hauniachi hata nikiogopa.

"Wiki mbili nilimsikia akilia humu. Sasa analia kidogo. Juzi alianza kucheka." Akatabasamu gizani, nikayaona meno. "Amepata mwenzake."

Ting!

Simu yangu. Saa kumi na mbili na nusu.

Ilikuwa risiti ya gemu. Nikazifungua zote, na za nyuma ambazo sikuwahi kuzisoma. Gauni. Viatu. Taa ya chumbani. Juzi, siku homa ilipoanza: kitanda cha pili.

Na ya leo...

*Nafasi ya mchezaji wa pili. Jina: Pilipili.*

Pilipili. Jina tunalomwita binti yetu nyumbani, mimi na mama yake tu.

Sikufikiri. Nikabonyeza: ondoa kifaa. Duara likazunguka, likazunguka. Kifaa kimeondolewa.

Yule mama akapiga yowe. "Umefanya nini? Amenyamaza! Mwanangu amenyamaza!"

Nilikimbia. Viatu niliviacha huko, na sijarudi kuvichukua.

Mke wangu alinipokea mlangoni. "Mbona unahema hivyo? Hela umepata?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Amelala. Homa imeshuka ghafla, sasa hivi tu."

Nilitaka kucheka kwa furaha. Nikaingia chumbani.

Alikuwa amelala chali, macho ameyafumba. Mikono ameiinua kifuani, imeshika hewa. Vidole gumba vinabonyeza... vinabonyeza... kisha vikasimama.

"Baba." Sauti ilitoka mbali mno. "Mbona umezima? Hatuoni njia ya kurudi."

Hajasema neno tena. Ni wiki ya pili sasa. Hospitali wamempima kila kitu, wanasema amelala tu, ataamka. Mke wangu sijamwambia. Nitaanzia wapi?

Nimeuza vifaa vyangu vyote vya kazi, pesa nimeziweka kwenye akaunti. Kadi sijaiondoa. Kila jioni, saa kumi na mbili na nusu, nakaa kando ya kitanda chake na simu mkononi, na namwomba Mungu wanikate hela tena.