Mama Alipokaa Eda

Tangu baba alipofariki, asubuhi zangu zilianza kwa ufagio. Mama alikuwa amekaa eda, kwa hiyo kazi zote za nje zilikuwa zangu: kufagia uwanja, kuchota maji bombani kwa jirani, kwenda dukani kununua sukari. Nikimaliza, namwamkia Shangazi Mwanajuma, dada yake baba, aliyekuja kukaa nasi mpaka eda iishe. Kisha navaa sare na kwenda shule. Nilikuwa darasa la sita hapa hapa Mapinga, na kila siku niliingia darasani nimechoka kama mtu aliyetoka kulima.

Eda ya mjane ni miezi minne na siku kumi. Hukaa nyumbani kwake, hajipambi, hatoki ovyo. Mama aliishika barabara. Alivaa kanga zake mbili zilizopauka, hakupaka wanja, hata mlangoni hakusimama. Watu walimsifu kwa hilo, nami nilijivunia.

Lakini mama alikuwa halali. Nilijua kwa sababu nililala naye kitanda kimoja, upande aliokuwa akilala baba. Kila usiku alishtuka, akakaa kitako, mkono kifuani, akihema. Siku nilipomuuliza, aliuchukua mkono wangu akauweka kifuani pake. Mapigo yalikuwa yanakimbia, yanasita, yanaruka, halafu yanakimbia tena, bila mpango wowote. Niliogopa, nikauondoa mkono wangu haraka.

"Usimwambie shangazi yako," alininong'oneza. "Nikitoka humu kwenda hospitali, watu watasema kaburi la mume wangu halijakauka nami nimeshaanza kuzurura. Ni majonzi tu haya, Batuli. Yatapita."

Nikaahidi. Kuanzia hapo nami sikulala. Baba alikwenda kulala siku moja akiwa anacheka, na alfajiri hakuamka. Kwa hiyo nilijiambia kwamba mradi mimi niko macho, mama hawezi kufa. Nilisikiliza pumzi zake mpaka adhana ya alfajiri.

Shuleni nilisinzia kwenye somo la hesabu mpaka kalamu ikaniponyoka. Mwalimu Maulida aliniita pembeni, akaniuliza kwa upole nyumbani kuna nini. Nikamwambia ni mbu. Akanishauri nichomekee chandarua vizuri chini ya godoro, nami nikaitikia. Shangazi naye aliuliza mbona macho yangu mekundu. Nikasema namlilia baba. Hapo nilisema kweli nusu, na ile nusu niliyoificha ndiyo iliyoniuma zaidi.

Jumamosi moja, Shangazi akiwa ameenda sokoni, mama alianguka uani akianua nguo. Nilimwita, hakujibu. Nilimpangusa uso kwa maji, na baada ya kitambo akafumbua macho, midomo yake imepauka. Neno la kwanza alilolitamka lilikuwa kunikumbusha ahadi yangu. Jamani, mama yangu! Nilimlaza mkekani, nikasimama pale nikilia. Nilimpenda, na nilikuwa nimeahidi, lakini niliona wazi kwamba nikiendelea kunyamaza nitamzika na yeye.

Shangazi alirudi na kikapu cha dagaa. Mama aliniangalia kwa macho ya kuniomba. Nikasema yote, tangu usiku wa kwanza, pamoja na wale mbu wangu wa uongo. Shangazi ni mkali, huwagombeza hata kuku wakikatiza mbele yake, kwa hiyo nilisubiri anifokee. Badala yake kikapu kilimponyoka, dagaa wakamwagika, naye akakaa kizingitini.

"Wifi," alisema, "nani kakwambia eda ni kifungo? Inakukataza kujipamba na kuzurura. Haikukatazi kutibiwa."

Hakuishia hapo. Alimpigia simu Sheikh Alawi wa msikiti wetu, akaiweka simu karibu na mama ili asikie kwa masikio yake mwenyewe. Sheikh alisema hiyo ni dharura, mama aende hospitali sasa hivi, na akishatibiwa arudi nyumbani kwake kuendelea na eda. Mama alilia kwa kwikwi, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Tulikwenda kwa bajaji. Hospitalini daktari alimbandika nyaya kifuani, na mashine ikachora mapigo yake kwenye karatasi. Alituonyesha ile michoro: mahali pengine vilima vimebanana, mahali pengine pamebaki patupu. Alieleza kwamba moyo wa mama haupigi kwa mpangilio, na ukiachwa bila dawa unaweza kumletea kiharusi. Wakamlaza siku mbili, kisha wakampa vidonge vya kunywa kila siku saa ile ile.

Daktari aliuliza pia mama anakunywa nini jioni. Mama akajibu ni kahawa, pamoja na majirani wanaokuja kumpa pole. Daktari akamkataza kahawa na chai nzito kuanzia mchana. Akamwambia alale ameinua mito, na moyo ukianza kukimbia usiku, akae na kuvuta pumzi polepole. Kifua kikibana, au akihisi kuzimia, asingoje kukuche, aje hospitali mara moja.

Tuliporudi nyumbani nilimwomba mama radhi kwa kuvunja ahadi. Alinivuta, akanikumbatia kwa muda mrefu.

Jioni ile Shangazi aliniita jikoni alipokuwa akichambua mchele. Alizungumza bila kuniangalia.

"Baba yako aliniambia kifua kinambana. Akaniapisha nisimwambie mtu mpaka avune mananasi yake. Nikanyamaza, nikijiona dada mwema." Machozi yake yalidondokea kwenye ungo. "Wewe mtoto umefanya nililoshindwa mimi mtu mzima. Mwanangu, mgonjwa akikuomba umfichie ugonjwa wake, mpende, mhurumie, lakini usimtii. Mwambie mtu anayeweza kusaidia, siku hiyo hiyo."

Kumbe na yeye, miezi yote ile, alikuwa halali. Nilikaa karibu yake tukachambua mchele pamoja, huku tukimlilia baba.

Usiku mama alimeza kidonge chake baada ya sala ya isha, akaegemea mito miwili. Mimi nilikaa macho kama nilivyozoea, nikisikiliza. Mama akanivutia shuka mpaka mabegani.

"Lala, Batuli," aliniambia. "Sasa tunaojua tuko wengi."

Nikalala.