Mlango wa Pili wa Kamilonga

Maji yaliwakuta ndani ya mlima, saa nane za mchana, jua likiwaka nje na mbingu ikiwa haina wingu hata moja.

Soraya ndiye aliyekuwa mbele. Alikuwa ameinama chini ya mwamba, telefone mkononi, akimulika ukuta uliochorwa michirizi kama mbavu, aliposikia nyuma yake mngurumo kama wa lori linalomwaga mawe. Akageuka. Dieudonnée alikuwa hatua nne tu kutoka kwake. Alikuwa amekuja kumvuta atoke. Mdomo ulikuwa wazi, anapiga kelele zisizosikika. Mara mwanga wa mlangoni ukazibwa, na maji yakawazoa wote wawili.

Kilichowafikisha pale kilikuwa likizo. Soraya alifundisha shule ya msingi mjini Kasongo. Utotoni, kila kiangazi shule zilipofungwa, baba yake, aliyekuwa akipeleka chumvi na vitambaa vya vikwembe kwenye soko la Wamaza, alimwacha wiki tatu kwa Mama Sidonie, mke wa rafiki yake, huko mashambani. Dieudonnée alikuwa binti wa nyumba ile. Wasichana wale wawili waliteleza kilimani juu ya makuti ya michikichi, walichoma viazi vitamu kwenye majivu, walioga mpaka vidole vikakunjamana. Siku iliyopita zote ilikuwa ile ya wanawake kufunga kijito cha Kamilonga. Waliziba kwa udongo na vijiti, maji yakachepuka pembeni, na katika matope yaliyobaki watoto wakashika kambale kwa mikono.

Chini kidogo ya hapo Kamilonga iliingia chini ya mlima ikapotea. Iliingia tu, kama mtu aingiavyo kwake.

"Inatokea wapi?" Soraya alimwuliza Mama Sidonie kila mwaka.

"Mayi inajua kwao," Mama Sidonie alimjibu kila mwaka, kana kwamba maji yana nyumba.

Halafu ikaja miaka ya vita, barabara zikafungwa, Mama Sidonie akafariki, na mabinti wale wakakaa miaka ishirini bila kuonana. Mwezi wa nane mwaka huu Soraya akapanda pikipiki mpaka Wamaza, akaenda kwa miguu mpaka shambani kwa Dieudonnée. Alipokelewa vizuri. Alichinjiwa kuku, na mtu wa kumchinja akatafutwa Mwislamu. Lakini Dieudonnée alimwita "Mwalimu," na neno hilo lilikaa kati yao kama meza. Zaidi ya hapo, kile Soraya alichokiita likizo, mwenzake alikiita kazi. Samaki wale walikuwa wa kukausha na kuuza.

Siku ya tatu wakafunga kijito. Wanawake wengine walipotangulia kijijini na vitunga vya kwanza, Soraya akaona kwamba kinywa cha mlima kimekauka, nacho ni kirefu kuliko alivyokumbuka.

"Natazama kidogo tu," akasema.

"Mwalimu, ngurumo iko nasikilika kule yulu," Dieudonnée akasema, akielekeza kidole vilimani juu.

"Kule mbali. Hapa jua."

Mvua ya kwanza ya msimu ilikuwa imeanguka kwenye vilima vya mbali. Ukuta wa udongo ulistahimili kitambo, kisha ukaachia.

Maji yaliwapindua, yakawagonga huku na huku. Soraya alishika kitambaa, hakujua cha nani, akakazana nacho. Goti likapiga changarawe. Akatambaa, akavuta kile kitambaa, na mwisho wa kitambaa alikuwamo Dieudonnée akikohoa.

Giza lilikuwa tupu. Hata mkono mbele ya macho haukuonekana.

"Soraya." Sasa lilikuwa jina lake. "Uko wapi?"

"Niko hapa. Unaumia wapi?"

"Muguu."

Telefone ilikuwa ingali inaning'inia shingoni kwa kamba yake, imefungwa katika mfuko wa plastiki. Kioo kilikuwa kimepasuka, lakini taa ikawaka. Jiwe lilikuwa limechana mguu wa Dieudonnée kutoka chini ya goti mpaka karibu na kifundo. Nyama ilikuwa wazi na damu ilichuruzika mpaka kisiginoni. Soraya akavua kitambaa chake cha kichwa, akakikunja, akakikandamiza, akakifunga kwa ukanda alioupasua kutoka kwenye kikwembe.

"Finya hapa. Usiachilie."

"Tunarudia njia ileile?"

Soraya akamulika walikotoka. Maji yalikuwa yamefika kwenye paa la mwamba.

"Imejaa mpaka yulu."

"Inapanda?"

Akaweka jiwe jeupe kwenye ukingo wa maji, akazima taa kuilinda. Walikaa gizani, bega kwa bega, wakitetemeka. Alipowasha tena, jiwe halikuwapo.

"Inapanda," akasema.

Dieudonnée akaanza kutaja majina ya watoto wake, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini. Soraya akafumba macho. Ni yeye aliyemwingiza humu. Alitafuta neno la kuomba msamaha; badala yake kichwa kikamletea kitu cha zamani kabisa, kitu cha siku za viazi na makuti.

"Dié, unakumbuka moshi?"

"Moshi gani?"

"Wa mama yako. Mwaka ule alikaushia samaki karibu na huu mulango. Alihamisha moto."

Dieudonnée aliacha kutaja majina. Kisha akasema polepole, "Moshi ilikuwa inaingia ndani. Mama alisema mulima inavuta tumbako."

"Iliingia, haikutoka. Sasa ilikuwa inaenda wapi?"



"Kuko mulango ingine," Dieudonnée akasema.

Soraya akasimama, akalowesha mashavu, akageuza uso pole pole. Ubaridi mwembamba ulimgusa shavu la kushoto, ukapotea, ukarudi. Hewa ilikuwa inatembea. Mlangoni mlikuwa mmezibwa na maji, kwa hiyo upepo ule ulikuwa umepata ufa mwingine wa kuingilia. Muhimu ni kwamba ulikuwa unakwenda mahali.

Wakaenda nao. Dieudonnée aliegemea bega la mwenzake na kurukaruka kwa mguu mmoja; penye paa la chini walitambaa. Baada ya kitambo njia ikagawanyika. Kushoto mto uliingia chini ya mwamba mpana, ukinguruma. Kulia palikuwa na mpasuko mkavu uliopanda, unanuka mkojo wa popo.

"Tufuate mayi," Dieudonnée akasema. "Mayi ndiyo inajua njia."

"Mayi inapita pahali mutu hawezi kupita. Sisi tunahitaji pa kupumua."

"Una hakika?"

"Hapana."

Dieudonnée alitazama maji, akatazama mpasuko. Akalamba kidole chake, akakiinua kulia, akakishusha, akakiinua tena. "Twende na upepo," akasema.

Walipanda. Kinyesi cha popo kiliteleza kama sabuni chini ya magoti. Kwenye kidimbwi kidogo, mwanga ulimwangukia kaa mweupe kabisa, mweupe kama nazi, na pale palipostahili kuwa na macho hapakuwa na kitu. Soraya akasimama. Akaona haya, maana katikati ya hofu ile yote, moyo wake ulikuwa unafurahi.

"Unacheka?"

"Hapana. Ninaangalia."

"Uangalie njia," Dieudonnée akasema. Lakini naye aliinama, akamtazama yule kaa kwa muda mrefu kuliko uliohitajika.

Taa ilikufa muda si mrefu baadaye. Wakafunga kikwembe kiunoni, kila mmoja na ncha yake, na Soraya akatangulia kwa mikono, akigusa kila jiwe kabla ya kuliamini. Mara mbili upepo ulipotea, na mara mbili walirudi nyuma mpaka wakauhisi tena. Dieudonnée hakulalamika. Aliuliza tu, "Umeshika nini?" na Soraya akamjibu: jiwe, udongo, mfupa wa mnyama mdogo, jiwe.

"Umeshika nini?"

"Muzizi."

Mzizi ulikuwa hai, una udongo mkavu. Juu yake palikuwa na kitu cha kijani, kisichokuwa na umbo, rangi tu. Soraya alikitazama mpaka kikawa jani.

Walitokea kati ya mizizi ya mti mkubwa, ubavuni mwa bonde wasilolijua, jua likikaribia kuzama. Walikunywa matone yaliyotiririka kwenye jiwe, maana maji yaliyokuwa yakifoka chini mguuni mwa mlima yalikuwa matope matupu. Usiku waliumaliza pale pale, wamekumbatiana.

Asubuhi jua lilipochomoza, Soraya akajua kibla, akaswali ameketi juu ya majani. Halafu akajua na mengine. Kasongo iko machweo, nyuma ya mlima waliopita ndani yake. Kurudi juu yake kwa mguu ule hakuwezekani.

"Tunashuka na mayi," akasema.

"Leo nayo inajua njia?"

"Leo iko nje. Watu wanajengaka karibu na mayi."

Mguu ulikuwa umevimba, unang'aa, moto ukiugusa. Dieudonnée alitembea na fimbo mpaka jua likawa juu, kisha akaketi chini. Soraya akachuma matungulu, matunda mekundu ya porini, wakafyonza mbegu zake chachu. Akamweka mwenzake mgongoni kama abebwavyo mtoto, akamfunga kwa kikwembe, akahesabu hatua hamsini, akapumzika, akahesabu hamsini. Baadaye zikawa ishirini. Shingoni alihisi pumzi ya Dieudonnée, moto kama ya mtu anayepuliza mkaa.

"Uniache hapa, uite watu."

"Niite watu gani? Nyamaza, unanipotezea hesabu."

Hatua zilikuwa zimebaki kumi na moja alipoona kitu ndani ya maji. Mihogo. Mihogo iliyomenywa, imelowekwa kwenye ukingo uliotulia, imefunikwa majani, na juu ya majani mawe matatu yamepangwa. Soraya akapiga magoti pale pale na mzigo wake mgongoni. Hakuwahi kuona kitu kizuri kama mawe yale matatu.

Mwenye mihogo alikuja alasiri na kitunga kichwani. Alikuwa mama wa Kibangubangu, mwenye nywele za mvi, jina lake Régina. Alipowaona, alirudi nyuma hatua moja.

"Mumetokea wapi? Yulu kule hakuna watu."

"Tumetoka ndani ya mulima, Mama," Soraya akasema.

Régina alishika kitunga kwa nguvu. Kisha macho yake yakaanguka kwenye mguu, na woga ukamtoka. "Muguu kwanza," akasema. "Maneno nyuma."

Aliuosha kwa maji ya kunywa aliyokuwa nayo kwenye kibuyu. Alipokuwa akiosha akazidiwa na udadisi. "Ndani ya mulima kuko nani?" akauliza kwa sauti ya chini. "Kila kiangazi hii mayi inatuleteaka vijiti. Vimekatwa na panga, ncha kali. Tangu niko binti. Tunasemaka, mule ndani nani anakata kuni?"

Dieudonnée alifumbua macho. Midomo ilikuwa imepasuka kwa homa.

"Ni miye," akasema. "Miye na mama yangu. Tunafungaka mayi na vijiti, tunashika samaki."

Régina akaketi chini, mikono kichwani. "Miaka yote hii!" akasema. "Miaka yote hii, na sisi tulikuwa tunawaachia mayai kwenye jiwe!"

Dieudonnée akacheka mpaka machozi yakamtoka, na kicheko kile kikamwumiza mguu, na bado akacheka.

Vijana sita wa Régina na wa jirani yake walitengeneza kipoi, machela ya miti miwili na mkeka. Walikwenda kwa zamu, wakivuka vijito na mashamba ya karanga, wakaingia Wamaza asubuhi ya pili. Mwuguzi wa kituo cha afya alikata nyama iliyooza, akachoma sindano mbili, akasema kwamba siku moja zaidi ingekuwa habari nyingine. Dieudonnée angechechemea. Lakini mguu ungekuwapo.

Pierre, mume wa Dieudonnée, aliyepelekewa habari na kijana wa pikipiki, alifika mchana huo, ameendesha baiskeli bila kupumzika. Kijijini watu walikuwa wamekwisha kukaa matanga. Aliingia na vumbi mpaka kwenye kope, akamshika mkewe uso kwa mikono miwili, akauachia. Ndipo hasira ikamjia, kama inavyowajia watu hofu ikishawaachia.

"Nani alikuingiza mule?" akauliza. "Mutu mukubwa, mama wa watoto! Nani?"

Soraya akainuka kwenye mkeka. Maneno alikuwa ameyaandaa njia nzima.

"Shemeji, ni mi—"

"Nilitaka kuona," Dieudonnée akasema.

Pierre akamtazama mkewe. Katika miaka kumi na saba ya ndoa alikuwa amemsikia akitaka chumvi, akitaka jembe jipya, akitaka watoto walale. Akamtazama Soraya, aliyekuwa amesimama mdomo wazi. Nje kuku walikuwa wakiparua.

Akavua kofia. Akavuta kigoda mpaka karibu na kitanda, akaketi, viwiko juu ya magoti.

"Basi," akasema. "Mukaona nini?"

Kwenye kitanda cha jirani, mgonjwa wa malaria aliyekuwa ameelekea ukutani tangu asubuhi akajigeuza polepole, ili naye asikie.