Kalibu la Mguu wa Kifunguamimba

Mguu wa plasta ulitoka mkubwa kuliko kalibu lake. Msanii aliupima mara mbili, akacheka peke yake, kisha kicheko kikamkauka.

Majirani walimwita Bi Kila Kitu, maana alichora, alifinyanga, alishona, alipiga video. Mama mkwe akiulizwa mkaza mwana wake anafanya kazi gani, alijibu tu, "Anafanya mambo." Mambo hayo yalishamfikisha kwenye kumbi za maonyesho za ughaibuni. Lakini kazi aliyoipenda kuliko zote hakuwahi kumwonyesha mtu. Kila mwaka alichukua umbo la mguu wa kifunguamimba wake katika kalibu, akalijaza plasta. Binti huyo alifariki akiwa na miaka saba, na kalibu la saba likabaki tupu mwaka mzima, hadi leo mama alipopata moyo wa kulijaza.

Akamimina tena. Mguu wa pili ukazidi wa kwanza, na karakana ikanukia nywele za mtoto aliyetoka kuoga. Akamwita mumewe, fundi viatu.

"Plasta haikui, mke wangu."

"Wewe pima."

Akapima. Midomo ikamcheza. "Huu wa miaka minane," akasema, na jioni ile ile akakata ngozi ya jozi mpya.

Basi kila wiki mke alimimina, mume alishona: miaka tisa, kumi, kumi na mmoja. Waliposikia hatua ndani ya karakana iliyofungwa, walishikana mikono na kutabasamu. Walikuwa na furaha, maskini.

Asubuhi moja kitindamimba wao wa miaka mitano akaja akiburuta miguu. "Baba, viatu vinanipwaya."

Fundi viatu akapiga magoti, akaushika mguu wa binti yake, akaupima, akarudia, akaupima tena, maana viatu vile alivishona mwenyewe mwezi uliopita na vikamkaa sawasawa, na sasa mguu uliolala kiganjani mwake ulikuwa wa mtoto wa miaka mitatu, mwepesi, baridi, na nyuma ya mlango wa karakana kuna mtu alikuwa anarukaruka.

Mganga aliyeitwa alikuwa mama wa makamo, na alikataa kuvuka kizingiti.

"Nani aliwaambia muache umbo la marehemu tupu?" akanong'ona. "Jini kaona nyumba haina mtu, kaingia. Anakua kwa mwili wa huyu mdogo. Kalibu alivunje aliyelitengeneza. Leo."

Msanii akainua nyundo.

"Mama," ikasema sauti ndani ya kalibu, sauti ile ile ya miaka saba, "taratibu, utaniumiza."

Nyundo ikamlemea. Mumewe alikuwa ameketi sakafuni, uso kaufunika kwa kipande cha ngozi. "Piga, mke wangu," akasema. "Piga kabla sijakuzuia."

Akapiga. Kilio kilichotoka kilikuwa cha mtoto, si cha jini, au hivyo ndivyo alivyosikia yeye. Akaendelea kupiga hadi kalibu likawa vumbi, akalia hadi sauti ikamkauka.

Mwezi haukuisha, mguu wa kitindamimba ukajaa viatu vyake, na fundi viatu akaanza tena kupiga mluzi kazini. Msanii hakugusa plasta wala rangi. Alikuwa amemzika mwanawe mara mbili, na mara hii kwa mkono wake.

Siku moja binti akamkuta amekaa karakanani, akamwegemea begani.

"Mama, usilie. Dada amesema hajakukasirikia."

Mama akamgeukia. "Amesema lini?"

"Sasa hivi."

Alijua la kufanya: ambebe mtoto, atoke mbio, amwite mganga. Badala yake akainuka, akafunga mlango taratibu ili mumewe asisikie, akarudi kupiga magoti mbele ya binti yake.

"Yuko wapi?" akauliza.